Zamu ya Usiku, Kutaisi

Kadi ya michoro nimeinunua kwa Zaza wa Mestia,
aliyekuwa nazo kumi na mbili darini, juu ya zizi,
zikichimba sarafu zisizoshikika
mpaka watu wa umeme walipokuja na koleo.
"Imefanya kazi," alisema, "lakini haijachoka,"
kama mtu anayeuza nyumbu.

Nikaipangusa kwa brashi ya rangi.
Katikati ya feni nikakuta unyoya wa kuku.

Sanduku limelala ubavu juu ya meza ya chakula.
Naisukuma kadi katika mfereji wake: ta.
Naunga nyaya mbili, natazama, natazama tena.
Kifuniko nakiacha wazi,
kitu usichokiamini hukifungii mlango.
Nabonyeza.
Giza.
Halafu herufi nyeupe, moja moja,
kama wageni wasio na uhakika na nyumba.

Mama anatoka jikoni, taulo begani.
Miaka thelathini na mmoja wodi ya homa, zamu ya usiku.
Hajui kadi ni nini; anajua kuna aliyelazwa.
"Ana ngapi?"
"Thelathini na nane."
"Homa ndogo."
"Mama, haijaanza hata kazi."

Nafungua programu ya kuitesa:
mpira wa manyoya, zambarau, unazunguka bila sababu,
na kila unywele unataka kuhesabiwa.
Hamsini na tano. Sitini na tatu.
Feni zinapandisha pumzi, taa ya dari inasinzia,
na Nugzari wa chumba cha pili anagonga ukuta,
maana umeme wa ghorofa hii tunachungana.
Sabini na moja.
Mama amevuta kiti. Amechukua daftari la madeni,
amepindua ukurasa, amepiga mistari kwa ukingo wa sahani ya mraba:
saa kwa chini, joto kwa kando.
Anatia nukta. Anaunganisha.

"Themanini na tatu," nasema, kidole juu ya kitufe.
"Toa mkono. Inapanda, au imekaa?"
Natazama.
Imekaa.
Dakika ishirini imekaa pale pale,
kama mtu aliyefika juu ya ngazi akakuta benchi.

Saa nane na robo, vidoa.
Vitatu, kijani, pembeni mwa skrini,
vinawaka, vinazima, vinahamia kwa jirani.
Tumbo langu likashuka: mshahara wa mwezi na nusu,
na Zaza hapokei simu hata mchana.
Mama akavaa miwani, akainama hadi pua ikagusa kioo.
"Upele," akasema. "Umempa kazi ya kijana."
Nikapunguza kasi ya kumbukumbu yake, mia moja.
Vikabaki viwili.
Mia moja tena. Nikangoja. Nikahesabu hadi sitini,
nikapoteza hesabu, nikaanza upya.
Manyoya yakazunguka safi.

Kazi yangu haihitaji zaidi.
Nachora majiko ya watu wa Batumi,
marumaru nisizozikanyaga, mwanga wa asubuhi
ukiingia kwa madirisha ambayo hayajajengwa.
Mwanga ndio mzito. Kwa kadi ya zamani
dirisha moja lilinichukua usiku kucha.

"Kalale," mama akasema. "Mimi nimeshazoea."

Nilipoamka, theluji ilikuwa imeziba nusu ya kioo.
Alikuwa amelala kitini, miguu mitupu
imeelekezwa pale hewa ya moto inapotokea.
Nukta zilifika saa kumi na moja na dakika arobaini,
zote kwenye mstari ulionyooka kuliko mwandiko wake,
na chini yake, kwa kalamu iliyokuwa inaishiwa wino:
*Ametulia. Hakuomba maji.*

Nikausimamisha mpira.
Sitini. Hamsini na mbili. Arobaini na moja.
Feni zikasimama zenyewe, moja baada ya nyingine,
na kimya kikamwamsha mama.
"Ana ngapi?" akauliza, macho bado yamefumba.
"Yuko salama," nikasema,
nikamwondolea soksi zake mbili juu ya sanduku.
Zilikuwa zimekauka.